Safu Iitwayo Mwezi

Jumatatu, 3 Novemba

Zahanati zote zimeshatuma taarifa za wiki isipokuwa Minago. Ndio hao hao. Nimepiga simu, naambiwa tableti ilikosa chaji tangu Ijumaa na umeme umerudi asubuhi hii. Nimekata simu. Ningefungua mdomo tungegombana, na wiki hii sina nafasi ya ugomvi.

Wageni wanakuja mwisho wa Novemba. Ndio watakaoamua kama mfumo wetu wa dawa utaenezwa mwambao mzima au utafungwa. Madamu Goreth, mkubwa wetu aliyeko Bujumbura, ameandika kwamba kila kitu kiwe "impeccable", bila doa. Ameliandika neno hilo mara mbili. 

Mfumo wenyewe ni kitu kidogo. Unakumbuka nani anameza dawa gani ya kila siku, kifafa, kisukari, presha, na lini aje achukue nyingine, hata akihama zahanati. Unazuia pia mtu kuchukua mara mbili. Basi.

La kujivunia lipo. Mikoa ilipobadilishwa, Rumonge ikaacha kuwa mkoa, komini zilizo chini yake zikaunganishwa, ofisi nyingi hapa mjini zilihangaika. Walikuwa wameingiza komini ndani ya namba ya mtu. Komini ikifutwa, mtu naye anafutika. Kwetu haikuwa hivyo. Mgonjwa wetu ana namba tupu isiyosema lolote, si kwao, si simu yake, si jina la baba. Anakokaa kumeandikwa kando, kunafutika, kunaandikwa upya. Nililipigania hilo mpaka wakaniita mkaidi. Kweli mimi ni mkaidi.

Minago wametuma saa tisa.

Jumatano, 5 Novemba

Mwezi mkubwa. Mji umejaa wavuvi. Vinyozi wana foleni, sokoni hakuna ndagala wabichi, hao dagaa wa ziwa letu, wanawake wanauza waliokauka na kulalamika. Taa za mashua hazivuti samaki anga likiwa jeupe hivi, kwa hiyo wote wako nchi kavu, wananyoa, wanaoa, wanadaiana.

Siku nzima na Espoir, tunatengeneza maelezo ya wageni. Espoir ndiye mwenzangu ofisini. Wazazi wake walitoka Fizi, ng'ambo ya ziwa, yeye akiwa mgongoni. Anaimba kwaya na anaandika programu haraka kuliko ninavyomaliza chai. Nampenda na ananichosha.

Mfumo wa kwanza niliuandika mimi, kwa Kiswahili, kila safu na jina lake, kwa sababu ndivyo ninavyowaza. Mwezi wa saba tulihamishiwa seva mpya, na wenye seva wanataka Kifaransa. Espoir akatafsiri na kuandika upya. Tulijaribu, kila kitu kikapita. Leo nimeona kwa mara ya kwanza jinsi alivyopanga kazi yake. Imenyooka kuliko yangu. Nimeona wivu kidogo, halafu nikamsifu.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya sala kaka Amisi alikuja kula. Amenona. Amevaa kanzu ya baba iliyokuwa ikimpwaya zamani, sasa inambana. Nilifurahi mno kumwona.

Nilimtazama mikono alipokuwa akila. Huwa namtazama, hajui. Kaka yangu ana kifafa tangu utotoni. Tangu aanze vidonge hajaanguka, sasa ni miaka. Anafanya kazi kwenye mashua ya taa, kusini, na hakuna hata mmoja kule anayejua. Mvuvi anayeanguka haajiriwi. Tunaojua ni mimi, mke wake na muuguzi wa zahanati yetu ya Kabonga, karibu na Nyanza-Lac, anakokaa kaka. Akikosa vidonge ghafla ni mbaya kuliko kama hajawahi kuvimeza. Hilo daktari alitwambia sote wawili tukiwa tumekaa mbele yake.

Wanatoka tena Jumapili. Mashua yao hairudi kila asubuhi kama zile ndogo. Inafuata ndagala mpaka huko ambako simu inashika mtandao wa Tanzania, wanalala kambini, hawaonekani mpaka mwezi mkubwa mwingine.

Alikuwa ananiambia kitu kuhusu zahanati, kwamba wamemwambia arudi Jumatatu. Nilikuwa na Madamu Goreth sikioni, kwenye simu, anabadilisha rangi za michoro. Nikamwambia kwa ishara, basi rudi Jumatatu. Akacheka, akanawa mikono.

Alhamisi, 13 Novemba

Kuna kitu hakiko sawa.

Mtu akipitisha siku yake bila kuchukua dawa, jina lake linageuka jekundu na kuingia orodha ya waliopotea. Kwa kawaida ni wachache, mtu kasafiri, mtu kafiwa. Mwezi wa kumi waliongezeka kidogo, nikadhani ni mvua. Leo asubuhi wamejaza ukurasa mzima, na ukurasa wa pili.

Kwanza nikashuku mtandao. Nimepiga zahanati zote, taarifa zilitumwa na zilifika. Espoir akashuku majina ya komini mpya. Tumepekua mpaka adhuhuri. Komini ziko sawa. Namba za simu ziko sawa. Ujumbe wa kuwakumbusha ulitumwa, kwa Kiswahili na Kirundi, bila kosa la herufi hata moja.

Mfumo unafanya kila ulichoambiwa. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kitu kilichovunjika hupiga kelele, ukajua pa kushika.

Ijumaa, 14 Novemba

Madamu Goreth ameona orodha. Amesema watu wa ziwani hawana nidhamu, na kwamba ukurasa huo tusiufungue mbele ya wageni. Kauli yake ilikuwa ya upole kabisa, na nilimjibu "ndiyo, Madamu" kwa upole uleule. Nimekasirika.

Halafu hilo neno lake likabaki kichwani. Watu wa ziwani. Amejuaje? Nimerudi kwenye orodha, safari hii nikasoma wanakokaa badala ya kuhesabu. Minago. Kabonga. Minago. Kabonga. Kizuka hakuna mtu. Watu wa michikichi wote wamechukua dawa zao kwa siku yao.

Kwa nini mkulima wa Kizuka akumbuke na mvuvi wa Minago asahau?

Jumamosi, 15 Novemba

Namba ya kaka Amisi iko kwenye orodha. Nyekundu. Naijua kwa moyo, nilimwandikisha mwenyewe.

Nimepiga simu yake. Imezimwa. Ile ya Tanzania nayo imezimwa. Mkewe anasema hajaongea naye tangu Jumapili, na kwamba alimwambia ana vidonge, atapita zahanati. Ni uongo wa mwanaume asiyetaka mkewe alie. Namjua.

Naogopa. Nimeandika hilo neno na sina jingine.

Jumapili, 16 Novemba

Nimelipata. Sikulitafuta, limekuja mlangoni likiuza samaki.

Jirani yangu Mama Hawa amepita na beseni la ndagala wabichi. Nikamuuliza imekuwaje leo wamejaa hivi. Akajibu, "Mwezi iko inaisha, Zuhura. Sasa ndagala ni za kumwaga."

Nikataka kumwambia mwezi ndio kwanza uko katikati, leo tarehe kumi na sita. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikabaki nimesimama na bakuli mkononi na Mama Hawa ananiuliza kama ninaumwa.

Mfumo wangu wa zamani ulikuwa na safu iitwayo mwezi. Niliiweka kwa ajili ya wavuvi. Ilisema: huyu anakuja mwezi ukiwa mkubwa, mpe dawa za kumfikisha mwezi mkubwa unaofuata, na ziada kidogo. Wakulima walikuwa na safu yao nyingine, ya tarehe. Sikuandika maelezo yoyote. Ya nini? Mwezi ni mwezi, toka nje utauona.

Nimefungua kazi ya Espoir nikiwa bado na harufu ya ndagala mikononi. Pale palipokuwa na mwezi ameandika "mois", mwezi wa kalenda. Akaona kuna safu mbili za tarehe, akaziunganisha ziwe moja, safi. Angeandika "lune", mwezi wa angani, tungekuwa salama. Wafaransa wana maneno mawili. Sisi tuna moja, na Warundi vilevile wana moja. Ukwezi wa angani, ukwezi wa kalenda. Mzungu asingekosea hapa. Ilibidi wawe Waswahili wawili wanaoelewana vizuri.

Na kosa halikuonekana kwa sababu mwanzoni halikuwa kosa. Mwezi wa angani ni mfupi kidogo tu kuliko wa kalenda. Mwezi wa saba tarehe ya mfumo na mwezi mkubwa vilikutana. Wa nane vikaachana kidogo, wavuvi bado wako nyumbani. Wa tisa kidogo tena. Tarehe inasogea polepole mpaka inatua siku ambayo mashua zimeshaondoka. Kabla ya tarehe, mashine inakataa kutoa. Baada ya tarehe, mtu hayupo.

Nasi tukawaita waliopotea.

Aliniambia. Ijumaa ile Amisi alikaa hapa jikoni kwangu akaniambia, mdomo umejaa ugali, na mimi nilikuwa nasikiliza rangi za michoro.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilimngoja Espoir mlangoni kabla hajaweka begi chini. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Nikamwonyesha tu ile safu. Alisoma, akatoka nje akatazama juu kana kwamba mwezi ungekuwepo asubuhi ile, akarudi.

"Niliona mwezi, nikaandika mois," alisema. "Hata leo ungenipatia ile kazi tena, ningeandika ile ile."

Ni kweli. Hasira ikakosa pa kukaa. Ikanirudia mwenyewe.

Nimempigia Jeanine, muuguzi wa Kabonga. Anamkumbuka Amisi. "Alikuja, dada. Alisimama hapa mbele yangu. Mashine ilikatala, na mimi siko na ruhusa ya kulazimisha." Wavuvi wengine walimbembeleza, akawafukuza, na sasa anasikia vibaya. Nilimwambia si kosa lake. Nilisema hivyo, lakini sauti yangu haikuwa ya mtu anayesamehe.

Madamu Goreth ameagiza tusiguse kitu. On ne touche à rien mpaka wageni waondoke. Anasema mfumo unaoguswaguswa unaonekana dhaifu. Nimemjibu kwamba mfumo usioweza kuguswa ndio dhaifu, kwamba kanuni ya nani aje lini isingekaa ndani ya programu hata kidogo, ingekaa nje, mahali ambapo muuguzi anaweza kuibadilisha maisha ya watu yakibadilika. Nikamwambia kuhusu mwezi. Kuhusu kaka yangu sikumwambia. Akasema tutazungumza Desemba.

Simu za Amisi bado zimezimwa. Ile ziada tunayowapa imekwisha au inaisha. Najua tunatoa vingapi, niliweka namba hiyo mimi, na sitaki kufanya hesabu.

Jumanne, 18 Novemba

Hakuna mafuta mjini. Teksi za kwenda Nyanza-Lac zimepanga foleni kituoni tangu jana, madereva wamelala kwenye viti. Nimeuliza pikipiki, hakuna anayetaka kwenda mbali hivyo bila kujua atarudi na nini.

Nimeziandikia zahanati zote: mvuvi yeyote akija, mpeni, mimi nitajibu. Nimeweka jina langu.  Tatizo ni kwamba wanaohitaji hawako karibu na zahanati yoyote. Wako juu ya maji, na giza la mwezi ndio msimu wenyewe.

Nimempata kwa simu Mzee Haruna, mwenye mashua ya kina Amisi. Anakaa Kabonga. Nikadanganya, nikasema mama yetu mdogo anaumwa, namtaka kaka. Akasema pole sana, boti ya kukusanya ndagala inashuka kusini Alhamisi, itapita kambi moja moja, ujumbe utafika. Itafika kwao lini? Mwisho kabisa, wao ndio wa mbali. Kama mgonjwa bado anakula na kuongea, akasema, hakuna haraka.

Kulikuwa na neno moja tu la kumfanya aharakishe. Nililifikia mpaka kwenye meno, nikashukuru, nikakata simu.

Si siri yangu. Hilo ndilo nimejiambia tangu adhuhuri. Kuna wagonjwa wangapi ambao nimewaapia kwamba jina la ugonjwa wao halitatoka nje ya tableti? Nilibuni mfumo mzima ili lisitoke. Na yeye ameishi miaka yote hii kwa sababu halikutoka. Ana watoto wanne wanaokula kwa sababu hiyo.

Na akianguka majini je?

Jumatano, 19 Novemba

Espoir amerudisha safu. Hakuomba ruhusa. Nilimkuta ameshamaliza, jicho jekundu, ameketi wima kama mtu anayengoja kukamatwa. Amesema kama ni kosa liandikwe kwa jina lake. Nimemwambia litaandikwa kwa majina mawili. Nilitaka kumkumbatia, nikampa sambusa.

Nimepata lori la bidoni, madumu ya mafuta ya mawese, linaloshuka mpaka Nyanza-Lac. Dereva kakubali nikae mbele. Nina vidonge vya kaka ndani ya mkoba, vimefungwa kwenye leso. Nimelala kwa shangazi, Nyanza-Lac. Ameniuliza nimefuata nini. Kazi, nikasema.

Alhamisi, 20 Novemba

Nilisema.

Ufukweni Kabonga wanawake wanatandaza ndagala mchangani, boti ya kukusanya imeshawasha mashine, Mzee Haruna amesimama na maji magotini anapokea beseni za mwisho. Nilimpa kijana wa boti bahasha yenye vidonge. Akaitia mfukoni, akasema kesho jioni, inshallah, au keshokutwa. Mbele kuna kambi nyingine zote.

Nikamshika Mzee Haruna mkono, mwanaume asiye ndugu yangu, mbele ya watu. Nikamwambia kaka yangu ana kifafa, dawa zimeisha, anaweza kuanguka wakati wowote, na bahasha hii ifike leo. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wanawake wakaacha kutandaza.

 Sikuona hasira usoni mwa Mzee Haruna, niliona anapanga.

"Muntu wa kuanguka hakai mu bwato yangu," akasema. "Lakini kwanza tumutafute."

Akaamuru boti ipite kambi zote bila kusimama. Iende kwa Amisi moja kwa moja, na wenzake waambiwe wasimwache peke yake kwenye ukingo. Waambiwe na sababu. Boti ikaondoka mbio. Mimi nikakaa kwenye mchanga, na mama mmoja akaniletea maji bila kuniuliza.

Kwa hiyo sasa wanajua wote. Kabonga nzima, na kufikia jioni kambi nzima. Nimefanya mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Ijumaa, 21 Novemba

Hakuna habari. Nimekaa zahanati kwa Jeanine. Mvua. Wavuvi wawili wamekuja kwa miguu, mashine imewapa dawa. Nimeangalia skrini ikikubali. Sikusikia chochote moyoni.

Jumamosi, 22 Novemba

Yu hai.

Wamemleta asubuhi. Jino la mbele limevunjika na shavu limevimba, anatembea. Vidonge vilifika Alhamisi alasiri na alimeza, lakini daktari anasema dawa haikupata muda wa kushika. Walitoka kwenda kazini kama kawaida. Aliwakatalia kubaki, akasema dada yake ni mwongo. Wenzake wakamkalisha katikati, mmoja kila upande, kwa sababu waliagizwa. Alipoanguka, aliangukia ukingo, nusu ya mwili ikawa nje. Walikuwa wameshamshika nguo.

Wenzake wenyewe ndio walionisimulia. Yeye hakusema. Nilipomkaribia na kitambaa cha kumfuta mdomo, aliusogeza mkono wangu.

"Nani alikupa ruhusa?"

Nilikikunja kitambaa. Mzee Haruna alimpa mkono na fungu lake la samaki, akamuombea heri, akamwambia asirudi. Alisema kwa heshima. Ingekuwa rahisi kama angetukana.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimerudi Rumonge. Kaka amekuja na mkewe na watoto, wako kwa mkwe wake Minago. Hataki kukaa kwangu.

Ofisini barua ya onyo inanisubiri, na Espoir ana ya kwake. Tumesaini kuonyesha tumezipokea. Tumerudi kazini.

Ijumaa, 28 Novemba

Wageni wamekuja na wameondoka. Madamu Goreth alionyesha michoro. Ilipofika zamu yangu nilifungua ule ukurasa mwekundu. Nikawaambia jinsi neno moja lilivyoangusha mfumo uliovumilia kufutwa kwa mkoa mzima. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabadiliko yanayokuja kwa barua zenye muhuri. Sikujiandaa kwa mwenzangu mzuri anayesoma neno langu sawasawa na kulielewa vingine. Mgeni mmoja aliniuliza kama wagonjwa wote walipatikana. Nikajibu, bado. 

Wataandika uamuzi wao. Hawakusema ndiyo wala hapana. Madamu hakunisemesha mpaka gari lao lilipoondoka, halafu akaniuliza, taratibu, ndugu yangu anaendeleaje. Kumbe alishajua.

Jumanne, 2 Desemba

Tumemaliza. Kanuni zimetoka ndani ya programu. Sasa ni jedwali dogo ambalo muuguzi analifungua mwenyewe. Kila neno lina maelezo yake kwa lugha tatu, sentensi nzima, na nani aliyeliandika. Safu ya mwezi haipo tena. Pana swali moja, mgonjwa anafuata nini, na majibu mawili: ziwa, kalenda. Likitokea la tatu, tutaongeza mstari, hatutavunja nyumba. Espoir aliuliza kama mtu wa Fizi angeelewa ziwa. Nikamwambia aulize mama yake. Alimuuliza. Ameelewa.

Kaka hapokei simu zangu. Simlaumu. Nalia kidogo jikoni, nafuta, naendelea kupika.

Alhamisi, 4 Desemba

Mwezi mkubwa. Nimeshinda Minago, kwenye zahanati, pembeni ya muuguzi, naangalia tableti.

Wamekuja wengi. Wamenyoa, wananuka sabuni. Wale wekundu mmoja mmoja wanageuka weusi. Wawili hawakuja, na mmoja wao nimeambiwa hatakuja. Alianguka kwenye maji huko kusini na hakukuwa na mtu aliyeagizwa kumshika. Nimeandika namba yake kwenye kiganja, nitaenda kwao kesho. Sijui nitasema nini.

Kaka Amisi aliingia karibu na saa sita. Ana magamba ya ndagala kwenye mikono. Amepata kazi ya kutandaza na kugeuza samaki ufukweni, pamoja na wanawake, juani. Alisalimia watu wote, "Amahoro," nami nilikuwa miongoni mwa watu wote.

Muuguzi alipata namba yake, akasoma swali jipya kwa sauti kama tulivyomfundisha. Halafu akamwambia, kwa nia njema, kwamba sasa yeye si wa majini tena, aandikwe kalenda, ni rahisi, atakuja tarehe moja kila mara.

Amisi aliangalia ile tableti, halafu akaniangalia mimi. Ni mara ya kwanza tangu Kabonga.

"Niandike ziwa," alisema.

Muuguzi alinigeukia. Nilimwambia hakuna kinachozuia.